Kinanda cha bei poa Msalato: wenye macho tulipitwa, asiyeona akashtuka

Wakuu, habari za humu. Muda mrefu nimekuwa msomaji tu, leo naweka ya kwangu. Chumvi sijaongeza, na pale nilipojiaibisha nimepaacha kama palivyo.

Mimi ni kijana wa Kondoa, naishi Dodoma mjini, napiga gitaa. Hakuna aliyenifundisha, nimejifunzia kwenye video za simu.

Nina rafiki yangu wa karibu, mwanangu kabisa, anaitwa Yona. Haoni tangu mtoto, kasoma shule ya wasioona Buigiri, na ndiye mpiga kinanda wa kwaya ya vijana kanisani kwao. Mimi ni Muislamu, kwenye kwaya yao sina hata kiti. Ila ukimgusa Yona umenigusa mimi. Hilo liwekeni kichwani.

Sasa kinanda cha kwaya kikafa, zimebaki wiki mbili tu kufika sikukuu ya mavuno. Viongozi wakasema kisipopatikana kingine watakodi mpigaji wa nje, anayekuja na kinanda chake.

Yona akae benchi sikukuu ya kwao? Nikasema hilo halipo. Nikaomba kazi ya kutafuta, nikapewa.

Nikazama mtandaoni. Siku ya pili nakutana na tangazo: kinanda used, octave tano, hali safi, muuzaji yupo Msalato. Bei ya kutupa. Nikampigia, akasema wanaokitaka ni wengi, tuma advance nikushikie.

Wakuu, nilikuwa nishaanza kuingiza namba ya siri. Hata kama kinawaka sijauliza.

Yona alikuwa pembeni anasikia yote, akaninyang'anya simu. Nikamwambia tutakikosa. Akajibu, "Bora nikose kinanda hela ninayo."

Kesho yake asubuhi tukapanda boda moja, mshikaki, watatu na dereva, hadi Msalato.

Muuzaji kijana wa rika letu, ana kibanda cha kuchaji simu na kutengeneza redio. Akachomeka, akabonyeza demo. Mnaijua ile demo, kinanda kinajipiga chenyewe, ngoma humo, tarumbeta humo. Mimi kichwa kikaanza kucheza, mkono ushaenda mfukoni.

Yona akasema zima hiyo.

Akaanza kubonyeza moja moja kutoka kushoto. Zote sitini na moja. Volume juu, volume chini. Waya anautikisa. Jua linapanda. Nikamuuliza, "Mwanangu, tunanunua kinanda au tunakiposa?"

"Mahari yenyewe ni hela ya kwaya. Tulia."

Akakuta noti moja, sol ya juu, iko kimya kabisa. Akaendelea. Muuzaji naye akachoka, akacheka kidogo. "Kwani huyu haoni, anakagua nini?"

Hapo nikawaka. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba nimeshamkunja shati. Yona hata hakuinua kichwa. "Muache. Njoo tukipindue."

Chini kulikuwa na stika kubwa imebandikwa vizuri, hata huwezi kuitilia shaka. Yona akapitisha vidole juu yake. Akarudia. Akaibandua kwa kucha.

Herufi zimechomwa kwa msumari wa moto. Jina la kwaya moja ya Chamwino.

Mliopita kwenye kwaya za huku mnajua. Kitu kikinunuliwa lazima kichomwe jina, kuanzia spika mpaka benchi.

"Wenye macho mko wawili," Yona akasema, "halafu mnanisubiri mimi nisome."

Muuzaji akasema na yeye alikinunua mtandaoni, alituma hela kwanza, kikaja kwa basi. Mimi nataka kumburuza polisi muda huohuo, Yona akasema kwanza tumjue mwenye mali. Akampigia mtu aliyesoma naye, yupo Chamwino, tukapata namba ya mwenyekiti wa ile kwaya. Mama mtu mzima. Shikamoo, marahaba, Yona akauliza tu kama kinanda chao kipo.

Mama akasema, "Kiliibiwa, mwanangu. Hebu jaribu sol ya juu. Ilimwagikiwa uji, haitoi sauti."

Mchana yule mama akafika Msalato na risiti. Yule muuzaji akakitoa mwenyewe, akaenda kuandikisha maelezo polisi pamoja na namba ya aliyemuuzia. Nilimuomba radhi kwa lile shati. Kifungo kimoja kilikuwa kimetoka.

Sisi tukarudi mikono mitupu.

Jumapili ya mavuno, mpigaji wa kukodi hata hajashusha vyombo vyake, kwaya ya Chamwino ikaingia kama wageni. Wamekibeba kile kinanda. Mama akasema leo kinapigwa na aliyekipata.

Nilikaa benchi la nyuma kabisa. Kila wimbo ukikaribia ile sol, watu wa Chamwino wanatazamana, wanasubiri shimo. Yona anaweka noti nyingine, anapita. Wanacheka chini chini. Wengine kanisa zima hawakujua kitu.

Nilichojifunza: hela haitangulii. Demo ni ya kuchezea, bonyeza zote wewe mwenyewe. Kipindue, bandua stika, dai risiti. Na nenda na mtu asiye na haraka kama yako.

Mliowahi kupigwa hela au kuponea chupuchupu, shusheni hapa, nitamsomea Yona comments zote. Kwaya bado inatafuta kinanda, mwenye nacho aseme, tutakuja kukibonyeza chote.

Ila atakayeuliza asiyeona anakagua nini, mimi bado sijapoa.