Siwema Amalizia Ubeti

Tangu mitumba iruhusiwe, Siwema binti Abdulatif aliuza magauni Kariakoo. Na kila alfajiri, kwa miaka kumi na miwili, alisomeshwa mashairi ya kale ya Kiarabu na sheikh wa Ilala.

Siku moja mwanachuoni kutoka Yemen akaja kumwona huyo mwanafunzi aliyesifiwa. "Huyu muuza mitumba?" Akacheka. Angejua!

Desturi ya wasomi wa mashairi hayo ni kupimana: mmoja hutamka nusu ya ubeti, mwenzake humalizia bila kitabu. Mgeni akatamka nusu ishirini. Siwema akazimalizia zote huku akitundika nguo, kisha naye akamtupia nusu moja. Mgeni akakodoa macho.

Siwema akaimalizia mwenyewe, akamgeukia mteja. "Haya mama, gauni unachukua?"