Taa ya Gari na Pampu ya Mama

Wifi yangu ni fundi wa redio, na kwa ubishi hana mpinzani. Namwambia hivyo usoni, naye hucheka tu.

Mama mkwe alirudi kutoka hospitali na pampu ndogo ya kumsukumia dawa ya maumivu kidogo kidogo. Kwetu umeme hukatwa asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, hivyo ilibidi pampu ishinde kwenye betri. Betri ilikuwa ya volti kumi na mbili, pampu ilitaka tano. Wifi alikuwa na vifaa viwili vya kushusha umeme, kimoja cha zamani, kingine kipya, kila kimoja na muundo wake.

Alivipima kama wapimavyo mafundi wote mtaani, kwa kuwasha taa ya gari. Katika kila sehemu mia za umeme zilizoingia, kipya kilitoa tisini na nne, cha zamani themanini na sita. Iliyobaki iligeuka joto. Nilikigusa cha zamani, nikaondoa kidole haraka. Akafunga kipya bila kumuuliza mtu.

Kesho yake pampu ilizimika saa nane mchana, betri imekwisha. Mama aliuma shuka hadi jioni. Nilimkasirikia wifi waziwazi, naye akasingizia betri.

"Wifi," nikamwambia, "hivi pampu ya mama inakula umeme kama taa ya gari?"

Akachukua mita, akapima upya, safari hii kwa pampu yenyewe. Ilisukuma tone, ikapumzika dakika nzima. Wakati wa mapumziko, kipya kiliendelea kujiwasha na kujizima maelfu ya mara kwa sekunde, kikijilia umeme chenyewe. Katika mia kilitoa arobaini tu. Cha zamani kilipoona kazi ni ndogo, nacho kilipumzika. Kilitoa sabini na tano. Wifi alipima mara tatu, macho yamemtoka, kisha akabadilisha, akafunga cha zamani.

Siku iliyofuata, ilipokaribia saa nane, aliketi kando ya kitanda akiikodolea macho pampu. Mama akamuuliza anangoja nini.

"Maumivu yako, mama. Jana niliyaleta mimi."

Mama akamwambia asogee, anamzibia dirisha. Wifi akasogea, akakaa hapo hadi umeme uliporudi. Pampu haikuzimika, na mama alikuwa amelala.