Hina Juu ya Magaga

Wenzangu, kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke wa kuringa, ila visigino viliniangusha. Mimi Mnubi wa Walukuba, Jinja. Ngozi yangu kavu tangu utoto, na magaga yalikuwa yananasa shuka nikilala.

Mume wangu ana mke mwingine Mbale, mtaa wa Namatala. Zaituni. Miguu yake laini kama ya mtoto mchanga. Wivu ulinila, sitaficha. Niliogopa mume atahamia huko moja kwa moja.

Ikaja harusi ya mpwa wa mume wangu, huko Mbale. Nikasema, safari hii Zaituni hanishindi! Nikaloweka miguu kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia, nikasugua kwa jiwe mpaka damu. Juu ya nyufa nikapaka hina nyeusi. Iliwasha kama pilipili, nikauma meno.

Harusini nilicheza peku. Kesho yake homa, mguu umevimba, uvimbe wa mtoki kinenani. Rangi ya ngozi haikunionya, hina iliificha. Nilikuwa nimefikia kwa Zaituni, nikajifungia chumba cha wageni. Heri nife kuliko yeye aone.

Akagonga mpaka nikafungua, akaona tu. "Mama Hawa, hii mguu inanuka. Twende hospitali."

"Niache."

"Nikuache ufe kwa nyumba yangu? Watu watasema nimekuroga!"

Daktari akabonyeza, usaha ukaruka. "Nani alipaka hina kwa kidonda? Wadudu wameingia kwa hizi nyufa. Ungechelewa kidogo, tungekata mguu."

Nililazwa, dawa zikapita mshipani. Zaituni aliniletea uji, akaniosha. Kila akiniosha alinifuta kidogo, akapaka mafuta ya mgando kabla ngozi haijakauka.

"Kumbe hii ndiyo siri yako?"

"Siri gani? Mimi nilikuwa na magaga kushinda wewe. Nesi alinifundisha. Wewe hukuuliza."

Nililia kwa hasira. Hata magaga alinitangulia!

Leo natembea kwa miguu yangu miwili, alhamdulillahi. Nawashukuru madaktari, na Zaituni pia, ingawa jina lake bado linanikwama kooni. Ndugu zangu, ogeni maji ya uvuguvugu, sabuni ya kufulia iacheni kwa nguo. Pakeni mafuta ngozi ikiwa na unyevu. Ufa ukitoa damu, usiufunike kwa urembo, nenda hospitali. Na ukiona mwenzio anang'aa, muulize. Mimi nilikuwa radhi nikatwe mguu kuliko kumuuliza mke mwenzangu anapaka nini.