Lifti Waliyoificha

Fleti tuliinunua kwa mtu wa kwetu, na ndiyo maana hatukuuliza kitu. Ilikuwa Muscat, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, ghorofa ya nne katika jengo moja mtaa wa Ruwi. Mama alikuwa na magoti mabovu lakini hakujua kukaa ndani: leo harusi mtaa wa Sidab, kesho hitima kwa jamaa. Sharti lake lilikuwa moja, lifti.

Siku tuliyokwenda kuiangalia, lifti ilitupandisha vizuri. Muuzaji, mzaliwa wa Unguja kama mama, alitumiminia kahawa, wakaulizana nani kamzaa nani mpaka ukapatikana udugu wa kuvutavuta. Nikasema ningependa kumwona mwenyekiti wa umoja wa wenye fleti, nijue wamekubaliana nini kuhusu jengo. Mama akanikata jicho. Garini akanigombeza.

"Una nini weye? Mtu keshasema sisi ndugu, nawe wataka kumchunguza kama mwizi! Mie nna haya, mwanangu."

Tukanunua, tukahamia. Hatujamaliza kufungua makasha, lifti ikatiwa mnyororo na kufuli.

Nilimwendea mwenyekiti siku hiyo hiyo. Akanieleza kwa upole kwamba umoja ulishaamua kuifunga kabla hatujaja: imechoka, na wa ghorofa za chini hawataki kuchangia mpya. Muuzaji alikuwamo kikaoni. Majirani wote walikuwamo, hao hao waliotuletea sambusa siku ya kuhamia na kumwombea mama maisha mema.

"Mbona hamkutwambia?"

"Alokuwa anauza ni yeye, binti yangu. Sisi tungemharibia mwenzetu vipi?"

Muuzaji nilimpigia simu. Hakukana wala hakuona aibu. "Dada'angu," akasema, "mbona hamkuniuliza?" Jibu hilo linanichoma hadi leo, kwa kuwa ni kweli.

Mama alijaribu ngazi. Tulimwekea kiti ghorofa ya pili apumzike, akawa anakaa pale akihema huku watu wanampita na salamu zao ndefu. Baadaye akaacha kabisa. Harusi alizisikia kwa simu, mtu akimsogezea mkono wa simu karibu na ngoma, naye akipiga makofi peke yake sebuleni.

Tukaamua kuuza. Jirani wa mlango wa pili akanishauri niseme lifti ipo kwa fundi. Akaja kijana mmoja, wa kwetu pia, akaipenda; alitaka kukaa na mamake. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, mama akamwuliza mamake yuko wapi.

"Nimemwacha garini, bibi. Magoti yanamsumbua."

"Basi mrejeshe kwake. Lifti imekufa, na hawa hawaitengenezi."

Kijana akambusu mkono, akaondoka. Habari zikaenea, na hakuja mnunuzi mwingine. Majirani wakasusa kuja kwetu; walisema mama ameshusha thamani ya jengo zima. Mimi mwenyewe nilimkasirikia siku mbili tatu, maana alikuwa amejifungia mlango kwa mkono wake.

Alishuka mara moja tu baada ya hapo, ndani ya jeneza. Waliombeba ni majirani wale wale, wakipokezana kila ngazi zinapokata kona. Mwenyekiti alikuwa mbele, kanzu imemlowa jasho. Walipofika chini akajifuta uso, akaniambia kwamba kwa kweli jengo hili linahitaji lifti.