Shimo la Sungura wa Mama Mkwe

Aibu hii nimeshindwa kuibeba peke yangu. Mama mkwe alipokwenda Isikizya aliniachia sungura wake. Asubuhi nikamkuta kizimbani amejinyonyoa manyoya ya kifuani, amegoma kula. Akinifia mikononi, nitamwambia nini mkwe? Kwa woga nikamchimbia kabisa kaburi uani, nikalifunika kwa majani.

Mama alirudi jioni. Kwetu mkwe haangaliwi usoni, basi nikajibanza nyuma ya mlango, nikampa shikamoo na habari za mgonjwa.

Nikamsikia akifungua kizimba, akipapasa lile rundo la manyoya.

"Marahaba, baba. Sungura wangu amezaa, ndiyo maana amejinyonyoa, anawatandikia watoto. Sasa hili shimo lililonimeza mguu, ulimchimbia nani?"