Unga wa Kopo na Samaki Asiyeliwa

Wewe uliyeanza kazi ya lishe hospitalini mwaka huu, na wewe unayemuuguza mgonjwa wa saratani ukasimama dukani mbele ya makopo usijue uchukue lipi, kaeni nami kidogo. Sitawachosha. Nilifanya kazi hii hapa Kampala mpaka umri wa kustaafu ukanitoa, na kuna jambo moja nililojifunza kwa aibu ambalo ningependa ninyi mlijifunze kwa kusoma tu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilitoka Bombo, nyumbani kwa wazazi wangu Wanubi, nikiwa na gauni jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Ofisa Mkuu wa Lishe, bwana mfupi aliyependa kutembea mikono ikiwa nyuma, hakunipa mizani wala kitabu. Alinipeleka moja kwa moja wodi ya watoto wenye utapiamlo, saa ya kukusanya vyombo.

"Binti, sahani ikienda kwa mgonjwa inakuambia nini?"

"Kwamba amepewa chakula, bwana."

"Na ikirudi tupu?"

"Kwamba amekula."

"Inakuambia kwamba imerudi tupu," alisema, na akaendelea kutembea. "Kama amekula, na nani amekula, hilo utauliza mwenyewe."

Nilicheka kimoyomoyo. Nilidhani ni maneno ya wazee.

Katika wodi ile nilijifunza kutumia utepe wa kupima mkono, ule mkanda wenye rangi tatu unaozungushwa juu ya kiwiko cha mtoto. Rangi nyekundu ilimaanisha mwili umeanza kula misuli yake wenyewe. Nilijifunza pia kupika uji wa dawa, kama tulivyouita. Tulichukua nkejje, wale samaki wadogo wa ziwani wanaotungwa vijitini na kukaushwa kwa moshi, tukawaponda mpaka wakawa unga, tukautia kwenye uji. Ni chakula chenye protini nyingi. Niliona watoto waliobebwa kama vitambaa wakirudi kusimama. Tangu hapo, ungeniamsha usingizini ukaniuliza dawa ya kukonda ni nini, ningekujibu nkejje.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa kituo cha afya karibu na Kansanga, na kutoka huko nikapelekwa wodi ya saratani katika hospitali kubwa ya mjini. Huko nilikaa mpaka mwisho. Mkubwa wangu alikuwa Daktari Bingwa, mama mrefu asiyepoteza maneno. Alinipokea hivi:

"Hajati, mimi naandika dawa. Lakini dawa inahitaji mwili wa kuibeba. Mwili ni kazi yako."

Alikuwa na maana hii. Kemo, yaani dawa za saratani zinazoingizwa kwenye mshipa, huua seli za ugonjwa, lakini hugusa pia seli zenye afya, zikiwemo zile za kinga. Mgonjwa aliyekonda sana huishiwa nguvu kabla ya kumaliza dozi. Ndiyo maana kabla ya kila dozi tulipima uzito na damu, na vipimo vikiwa vibaya, dozi iliahirishwa.

Mgonjwa ninayetaka kuwasimulia tulimwita Salongo, jina la heshima la baba wa pacha. Mkewe, kwa sababu hiyohiyo, alikuwa Nalongo. Salongo alifanya kazi Port Bell maisha yake yote, akiongoza mabehewa ya reli kuingia kwenye meli za ziwani, na Kiswahili chake alikiokota hapohapo gatini, kwa Wakenya aliofanya kazi nao. Alikuwa na saratani ya umio, ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Alimeza kwa shida, kidogokidogo, vitu laini tu.

Fomu yake niliijaza mwenyewe. Jina, umri, uzito, meno, dini. Hilo la dini sikulisahau kwa mgonjwa yeyote, maana mimi ni Mwislamu na najua maana ya kuletewa usichokula. Kisha nikawaambia, kwa sauti ambayo leo naiona ilikuwa kubwa mno: "Na sitaki kusikia dawa za mtaani hapa!" Nikampangia uji wa nkejje mara mbili kwa siku. Nilimponda samaki mwenyewe, nikampelekea kwa mikono yangu.

"Asante sana musawo," alisema. Hapa mhudumu yeyote wa afya ni musawo.

Bakuli lilirudi tupu. Kesho yake pia. Wiki nzima bakuli tupu, na wiki nzima mshale wa mizani ukishuka. Ijumaa Daktari Bingwa alinisimamisha kwenye korido akiwa na faili mkononi.

"Huyu mzee wa Port Bell ameshuka tena, na kipimo chake cha figo kimepanda. Akishuka zaidi kabla ya Jumatatu, si hii inayokuja bali ile inayofuata, simpi dozi. Nikimpa itamlaza kabla haijailaza saratani. Nisipompa, uvimbe utaziba njia. Niambie, anakula au hali?"

"Anakula, daktari. Vyombo vinarudi vitupu."

Mchana ule nilizunguka nyuma ya wodi, mahali wauguzaji wanapopikia wagonjwa wao kwenye sigiri za mkaa. Mnajua hospitali zetu zilivyo, ndugu ndiye mpishi. Kwenye pipa la taka kaloli walikuwa wanagombana, wale ndege wakubwa wenye upara, nikataka kuwapita kama kawaida. Kisha nikamwona Nalongo ameshika bakuli langu, analikung'uta pipani. Uji wa nkejje wote.

"Nalongo!"

Alishtuka, akapiga magoti palepale kunisalimia, akilificha bakuli nyuma ya mgongo. "Bambi, nihurumie, musawo. Samahani."

Nilimshika mkono tukaingia ndani. Sikumgombeza. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mumewe.

"Salongo, chakula changu ni kibaya?"

Mzee alitazama dari. "Chakula iko mzuri sana. Hata kaloli wanasema."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka mpaka akakohoa. "Hajati, hao ndege wamenona! Sasa wako na askari wa mwili kutushinda sisi!"

"Nyamaza wewe," Salongo akamwambia, lakini naye alitabasamu. Kisha akanigeukia. "Musawo, mimi ni Nkejje. Baba yangu Nkejje, babu yangu Nkejje. Huyu samaki siwezi kula. Ni kama kula ndugu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila Muganda ana ukoo wake, na kila ukoo una muziro, yaani mnyama, samaki au mmea ambao watu wa ukoo huo hawali kabisa. Koo ziko nyingi, na mmojawapo unaitwa kwa samaki huyohuyo niliyekuwa nikimponda. Nilikuwa nimeishi na Waganda tangu utoto. Nilijua haya yote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe hukuuliza. Uliuliza kama mimi ni Musilamu, nikasema hapana, mimi Mukatoliki, nasali Lubaga. Ukaandika. Nikajua maswali imeisha." Akapumzika kidogo, maana kusema kulimchosha. "Na umeponda mwenyewe, umeleta mwenyewe. Nitakataaje mbele ya watu?"

"Basi umekuwa ukila nini?"

Mtu na mkewe wakatazamana. Nalongo akainama chini ya kitanda, akatoa kopo kubwa lililofungwa ndani ya kitenge. Lilikuwa na picha ya mwanamume mwenye mikono minene kama mapaja. Nikasoma: asidi amino, glutamini, arginini.

"Nilinunua Kansanga," alisema kwa sauti ndogo. "Mwenye duka alisema inaongeza askari wa mwili. Nimpe asubuhi tumbo likiwa tupu, na asile kitu mpaka mchana, chakula kisije kuizuia. Nampa vijiko vinne. Alisema viwili, lakini mzee anakonda, nikaongeza."

"Na kwa nini mlificha?"

"Ulisema hutaki kusikia," akajibu. Na ni kweli, nilisema.

Nikawaeleza pale kitandani, polepole, kama ninavyowaeleza ninyi sasa. Askari wa mwili ni seli nyeupe za damu. Wanakufa na kuzaliwa kila siku, na mwili huwaumba kwa protini. Protini yenyewe imeungwa kwa vipande vidogovidogo, na vipande hivyo ndivyo asidi amino.

"Kama mabehewa," Salongo alinikatiza.

"Eleza."

"Garimoshi ni mabehewa imefungwa pamoja. Inafika gatini, tunafungua, tunapanga upya kwa meli."

Nilitamani kumpa gauni langu jeupe. Ndivyo ilivyo. Ukila maharage, tumbo hufungua mabehewa, na mwili huyapanga upya kuwa msuli, ngozi, damu na askari. Mengine mwili unaweza kuyaunda wenyewe, mengine lazima yaingie kwa chakula. Glutamini na arginini mwili wenye afya hujitengenezea. Katika ugonjwa mkubwa huenda zisitoshe, ndiyo maana madaktari huzitumia kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wanaoandaliwa kwa upasuaji, kwa kipimo na kwa siku maalumu. Kwa wagonjwa wengine wengi, wataalamu bado hawajakubaliana kama zinasaidia. Kwa hiyo mwenye duka hakusema uongo mtupu. Alisema robo ya ukweli, na robo hiyo ikala kifungua kinywa cha mgonjwa.

"Lakini ukileta mabehewa ya aina mbili tu," nikamwambia Salongo, "na garimoshi halina makaa?"

"Haliendi."

"Makaa ni wanga na mafuta. Asubuhi nzima huna makaa. Mwili unayachoma hayo mabehewa yenyewe yawe moto."

Alilitazama lile kopo. Kisha akamwambia mkewe kwa Kiluganda kitu ambacho sikukisikia vizuri, na Nalongo akafuta macho kwa kona ya kitenge. Nikamwambia asilie. Alikuwa amefanya kile ambacho kila mke anayempenda mumewe angefanya, na wa kumkosoa hakuwa mimi.

Nilipeleka kopo kwa Daktari Bingwa, nikamsimulia yote, na la nkejje pia. Aligeuza kopo, akasoma kila upande.

"Si sumu, na si tiba," alisema. "Ila figo zake zimebadilika, na mimi sitaki kubahatisha ni nini kilichozibadilisha. Aliache. Anywe maji. Na wewe, una siku tisa."

Jioni hiyo tulipanga upya, wote watatu. Nilitaja chakula kimoja kimoja na kungoja jibu. Mayai? Anakula. Maziwa? Anakula. Karanga zilizopondwa? Hizo anazipenda. Maharage yaliyochujwa maganda? Sawa.

"Na mukene?" niliuliza kwa woga, maana naye ni samaki mdogo wa ziwani.

"Mukene si ndugu," alisema Salongo. "Huyo ni jirani tu. Jirani naweza kula."

Nalongo alipika uji wa maziwa na karanga, akakorogea yai likiwa moto mpaka likaiva. Alimpa vikombe vidogo, kimoja kila baada ya saa mbili, kwa sababu umio wenye uvimbe haupokei sahani iliyojaa. Mimi nilikuwa nikipita na kukaa mpaka amalize kikombe. Siku nyingine alitapika, tukaanza tena.

Jumatatu alipanda mizani akiwa ameshikwa mabega. Mshale ulisimama palepale pa Ijumaa ile.

"Haujapanda," alisema Daktari Bingwa.

"Haujashuka," nilisema.

Alisoma majibu ya damu. Kipimo cha figo kilikuwa kimeshuka kurudi karibu na kawaida. Kama ni kopo lililozisumbua au ni kutokunywa maji ya kutosha, hatukuwahi kujua, na sitawadanganya kwamba tulijua. Akatia sahihi. Salongo alipata dozi yake asubuhi ile, na zilizofuata.

Sisemi karanga zilimponya. Hakuna chakula wala kopo ninalolijua linaloponya saratani. Chakula kilimpa mwili wa kubebea dawa, na dawa ikampa muda. Aliutumia kuwaoza pacha wake wote wawili. Ugonjwa uliporudi ulimkuta nyumbani, kati ya watu wake, na Nalongo alinipigia simu mwenyewe kuniambia mzee amepumzika.

Tangu wiki ile nilichora mstari kwa kalamu kwenye kila fomu, chini ya dini: *ukoo, na usichokula.* Msimamizi mmoja alinionya kwamba fomu zile ni za serikali, haziandikwi ovyo. Niliendelea kuandika. Na nilijifunza kupunguza sauti ninaposema kuhusu dawa za mtaani, kwa sababu mtu akiogopa kukuambia, kopo haliondoki. Linahamia chini ya kitanda.

Nimestaafu sasa, na bado watu hunipigia kuniuliza unga gani unaongeza kinga. Nawajibu wote jambo moja, na ninyi nawaachia hilo. Kabla ya kumwona daktari wa saratani, chukua mfuko, tia ndani kila kopo, kidonge na mzizi ambao mgonjwa anatumia, hata kile unachokionea haya. Kwenye karatasi andika vyakula asivyokula na sababu yake. Ukifika, weka vyote mezani kabla hujaulizwa.