Dakika Nne za Kalamba

Jamani, hii stori nimeificha vya kutosha, na kwa vile kule Kalamba hata watoto wa nasari wanaijua, bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaletewa ikiwa imetiwa chumvi, ingawa kusema kweli haikuhitaji chumvi, mimi mwenyewe nilitosha.

Mimi nafundisha kompyuta katika chuo kidogo pale Wote (kwa hivyo aibu yangu ina cheti). Mdogo wangu Kioko anafanya kazi Doha, na mwaka jana alitaka kumwoa Mwende, binti wa Kalamba, ambaye kompyuta nilimfundisha mimi, shikeni hapo. Sasa, kwetu Ukambani usipopeleka ntheo, wale mbuzi watatu wa kwanza, hata ufanye harusi ya keki ghorofa tano wazee watakuambia bado hujaoa. Kioko alinyimwa likizo. Mzee Nzioka, baba mdogo wa Mwende na msemaji wao, akatutumia neno: "Mbuzi tutapokea, lakini huyo kijana tumsikie na mdomo yake. Hawa wa ng'ambo wengine wako na bibi huko." Yaani bila maneno ya Kioko, mbuzi wangerudi na sisi nyumbani Kathonzweni na mambo yake na Mwende yangeishia hapo.

Saa ya sherehe Kioko angekuwa kazini, mahali ambapo simu zinaachwa getini, kwa hivyo akajirekodi video. Nani alimwambia arekodi kwa ubora wa juu kabisa? Mimi. Nani alimkataza kuituma WhatsApp eti itamharibu sura? Mimi tena. Akaiweka mtandaoni, megabaiti elfu moja mia nane, na kazi iliyobaki ilikuwa niipakue chuoni Ijumaa, niitie kwenye flashi, basi.

Nikajiambia, kwa nini niende kwa wakwe na flashi kama muuza sinema, wakati naweza kuipakua palepale waione ikitoka Doha kwa macho yao? Ruta yangu ni ya mega nane kwa sekunde. Elfu moja mia nane gawa kwa nane, sekunde mia mbili na kidogo, dakika nne hata hazifiki. Nikalala usingizi mzuri sana.

Kesho yake tukafika Kalamba, jua linachoma, televisheni imewekwa barazani, ruta yangu imechomekwa kwenye ekstensheni, na mimi nimevaa suti (suti, kwenye lile joto!). Katika boma lile mbuzi wanasimamishwa mbele ya mlango, kila mmoja na mtu wake, na hawafungwi popote mpaka maneno yasemwe, na wazee nao wanasimama. Baba yetu, pamoja na goti lake bovu, alikataa kabisa beberu mkubwa ashikwe na mtu mwingine.

"Mwalimu," Mzee Nzioka akaniuliza, "tusimame sasa ama tungoje kwanza?"

"Simameni tu, wazee wangu. Ni dakika nne."

Dakika nne zilipoisha nikaangalia laptopu. Asilimia kumi na tatu.

Nikahisi jasho linashuka hadi kwenye soksi, kwa sababu nililiona kosa palepale. Kasi ya intaneti huuzwa kwa biti, video hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane, kwa hivyo mega zangu nane zilikuwa zinaniletea megabaiti moja tu kwa sekunde. Haikuwa dakika nne, ilikuwa nusu saa! Na hili somo nalifundisha kila muhula, nalitia kwenye mtihani, na walioanguka nimewacheka.

Ningesema ukweli pale, yangeisha. Lakini watu wote wananiangalia, suti inaniangalia, nikasema, "Inamalizia."

Nikasema inamalizia ikiwa asilimia ishirini, nikasema ikiwa thelathini, na nilipoisema ikiwa arobaini Mzee Nzioka akaegemea bakora yake akauliza, "Kwani huko Kathonzweni dakika zenu ziko aina gani?" Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Baba alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Yule beberu, ambaye nadhani ndiye pekee aliyenielewa, akachoka na haya mambo, akaruka, kamba ikamponyoka Baba ikanasa ekstensheni, na ruta ikazima taa zake zote. Tulipoichomeka tena, video ikaanza upya. Sifuri.

Mzee Nzioka akageukia watu wake. "Mimi nilisema. Huyo kijana hakuna. Wachukue mbuzi zao waende."

Baba akaniangalia. Afadhali angenitukana, kwa maana nilimfikiria Kioko kule kazini akijua sasa hivi anasikilizwa na wakwe. Ndipo dirisha la nyumba likafunguliwa na sauti ya Mwende (ambaye siku hiyo hakutakiwa hata kukohoa) ikatoka:

"Mwalimu! Ile kasi uligawa na nane kwanza?"

Boma zima likanigeukia. Hata beberu.

"Sikugawa," nikasema. "Wazee, Kioko yuko, na maneno yake yako. Mwenye makosa ni mimi, nimepiga hesabu vibaya halafu nikawadanganya. Ni nusu saa."

Mzee Nzioka alinitazama mpaka nikaanza kuhesabu vifungo vya suti. Kisha akauliza, "Wewe ndiye ulimfundisha huyu msichana?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi yeye alisikia." Akakaa. "Tutangoja. Lakini utaleta faini, mbuzi moja jike, kwa kusimamisha wazee na uongo."

Muthokoi (yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe) na nyama vikaliwa kabla ya maneno, kitu ambacho hakijawahi kutokea katika boma lile, na mwishowe Kioko akatokea kwenye televisheni, tai imenyooka, akafungua kinywa: "Wazee wangu, najua hamjangojeshwa hata kidogo, maana kaka yangu ni mtaalamu wa hii maneno."

Sikusikia alichosema baada ya hapo, boma lote lilikuwa chini linacheka, Mzee Nzioka akipangusa machozi kwa kofia. Ilibidi video irudishwe nyuma ndipo wasikie akimtaja Mwende na kumwomba. Mbuzi wakapokelewa.

Faini niliipeleka wiki iliyofuata. Nilidhani watamchinja, yaishe, kumbe wakamfuga wakampa jina: Dakika Nne. Kila nikienda Kalamba Mzee Nzioka anamwita kwa sauti, naye anakuja mbio. Amezaa mara ya pili sasa, mapacha, na uzao wote unaitwa kwa zile dakika zangu.

Mimi nimeapa. Kwa wakwe naenda na flashi, tena mbili, na siku hizi hata mke wangu akiniuliza chai itachemka saa ngapi, najibu nusu saa.